Kabla hujalipia gemu za Windows kwenye Mac, tazama chipu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji. Hapa Arusha, na kwa tunayoyasikia Moshi pia, mtu akinunua Mac ya mkono wa pili husikia moja kati ya kauli mbili. Ya kwanza: "Mac haichezi gemu." Ya pili ni ya muuzaji mwenye haraka: "Lete tukuwekee Windows, itapiga kila kitu." Zote mbili si kweli, na hiyo ya pili inakula hela za watu. Sisi tunaoshinda tukizifungua mashine hizi tungependa jambo hili lielezwe kwa urefu japo mara moja, ili kijana wa Njiro au mzazi wa Majengo kule Moshi ajue cha kuuliza kabla hajafungua pochi.

Cha kwanza kuuliza ni chipu, yaani prosesa ya mashine. Bonyeza alama ya tofaa kwenye kona ya juu kushoto, kisha palipoandikwa "About This Mac". Ukiona neno Intel, mashine ni ya ukoo mmoja; ukiona M1, M2, M3 na kuendelea, ni ya ukoo mwingine kabisa. Apple ilianza kuuza Mac za M1 Novemba 2020 na ikamaliza kuachana na Intel katikati ya 2023. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. MacBook Air ya mapema 2020 ina Intel, ya mwishoni mwa mwaka huo huo ina M1, umbo ni lile lile, na dukani zimelala meza moja. Tangazo linalosema "MacBook Air 2020, safi" halijakuambia kitu.

Kwenye Mac ya Intel, Windows huwekwa kweli, tena kwa programu ya Apple yenyewe iitwayo Boot Camp, ambayo imekuwapo tangu 2006. Hifadhi kwanza nakala ya kazi zako kwenye diski ya nje, maana diski ya ndani inakwenda kukatwa vipande viwili. Pakua faili la ISO (kifurushi kizima cha kuwekea) la Windows 10 ya biti 64 kutoka tovuti ya Microsoft, chomeka chaja, fungua Boot Camp Assistant, kisha amua ukubwa wa upande wa Windows. Apple inataka angalau GB 64, lakini kwa gemu, GB hizo haziendi popote. Anza na 128, na kama diski inaruhusu toa zaidi, kwa sababu kuja kuuongeza upande huo baadaye ni kazi ya kufuta na kuanza upya. Windows ikishawaka, kisanduku cha Boot Camp hujitokeza chenyewe kuweka draiva, yaani programu za kuendesha vifaa vya mashine. Usikifunge kwa haraka. Wengi wanaolalamika kwamba Windows kwenye Mac haina sauti wala Wi-Fi walikifunga hapo. Kuchagua upande wa kuingia, washa mashine huku umeshikilia kitufe cha Option.

Yanayoharibika huku ni machache na yanajulikana. Kwenye Mac za zamani zinazohitaji flash ya GB 16, Boot Camp Assistant hukataa katikati ikidai nafasi haitoshi, ilhali flash ni tupu: flash imefomatiwa kwa FAT32, ambayo haipokei faili moja linalozidi GB 4, na ISO za Windows za miaka ya karibuni zina faili kubwa kuliko hilo. Nunua flash kubwa upendavyo, kosa litabaki pale pale. Dawa ni ISO ya toleo la nyuma. La pili: ukitaka kuiondoa Windows, rudi kwenye Boot Camp Assistant iunganishe diski yenyewe. Wanaofuta kipande hicho kwa Disk Utility hubaki na diski yenye pengo lisilotumika.

Jambo moja halina dawa. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haitambuliwi na Boot Camp, kwani inadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 ambacho Windows haikioni kwenye Mac za Intel. Upande ule basi uwe wa gemu tu. Barua pepe na mambo ya benki yabaki macOS. Angalia pia kadi ya picha. MacBook Air za Intel na Pro za inchi 13 za tangu 2011 zinategemea grafiksi ya Intel iliyomo ndani ya prosesa, ambayo kwa gemu nzito ni ya kuhurumiwa. Za inchi 16, nyingi za inchi 15, na iMac za inchi 27 zina kadi ya picha inayojitegemea, mara nyingi Radeon, na hizo ndizo za kuhangaikia.

Mwenye M1 na kuendelea aisahau Boot Camp, kwani haipo kwenye mashine yake wala haitakuja kwa kubembeleza. Anayekuambia atakugawia diski akuwekee Windows "pembeni" kwenye M1, ama hajui ama anajua sana.

Badala yake kuna njia ya tarjumani, na hapa inafaa kukaa kidogo, kwa sababu ukiielewa utajua kwa nini gemu moja inakwenda na nyingine inagoma. Gemu ya Windows imeandikwa kwa lugha ya prosesa za Intel na AMD, ambayo chipu ya Apple haiisemi. Kila dakika inaiomba Windows kitu: nifungulie faili hili, nisomee padi, nipigie sauti. Kisha inaiamuru kadi ya picha kwa lugha ya DirectX, ambayo macOS haikuwahi kuwa nayo. Yenyewe ina Metal. Kwa hiyo wanahitajika tarjumani watatu kwa mpigo. Rosetta 2 inatafsiri lugha ya prosesa. Wine, mradi ulioanza 1993, inapokea maombi yaliyokusudiwa Windows na kuyajibu kwa kutumia macOS. Na D3DMetal, iliyotolewa na Apple Juni 2023 ndani ya Game Porting Toolkit, inageuza DirectX 11 na 12 kuwa Metal. Hakuna Windows iliyofichwa humo ndani, na huhitaji leseni yake.

Kazi yote ya hao watatu inalipwa kwa nguvu ya mashine. Hasara ni ndogo kwa gemu nyepesi na kubwa kwa zile zinazoibana prosesa, kwa mfano za kujenga miji yenye watu maelfu.

Programu inayowakusanya tarjumani hao kwa urahisi ni CrossOver ya kampuni ya CodeWeavers. Inalipiwa, dola sabini na kitu kwa mwaka, lakini ina siku 14 za majaribio bila kukatwa kitu. Ile ya bure iliyopendwa, Whisky, mtengenezaji wake aliacha kuiendeleza 2025. Bado utaikuta kwenye flash za watu, ila gemu mpya zikigoma hakuna wa kuzirekebisha. Nasi mtu anayeanza leo hatumshauri aitumie.

Kazi yenyewe iko hivi. Kwanza weka Rosetta: fungua Terminal (programu ya Mac ya kuandikia amri), andika softwareupdate --install-rosetta, kubali masharti. Weka CrossOver. Ndani yake unatengeneza "chupa", yaani folda inayojifanya diski C ya Windows. Kisha tafuta Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, kwenye orodha yake na uiweke ndani ya chupa hiyo. Hapa ndipo wengi hujikwaa: Steam ya Mac uliyokuwa nayo siku zote haitakupa kitufe cha kupakua gemu ya Windows pekee. Unahitaji Steam ya pili, ya Windows, inayoishi ndani ya chupa. Ingia kwa akaunti yako ile ile na gemu zako zote zitaonekana.

Chupa ina swichi chache, na nusu ya matatizo huishia hapo. Ya grafiksi iache kwenye otomatiki kwanza. Gemu ikionyesha kioo cheusi au ikizima yenyewe, jaribu D3DMetal. Kwa ya DirectX 11 jaribu DXMT, tarjumani mwingine wa grafiksi. Kwa za zamani zaidi jaribu wa tatu, DXVK. Badilisha moja, funga Steam kabisa, fungua upya, ndipo uhukumu. Ukibadilisha tatu pamoja hutajua ipi iliponya. Swichi ya MSync iwashe, hupunguza kukwama kwama. Swichi ya picha ya nukta nyingi (High Resolution) izime: kioo cha MacBook Air ya M1 ni nukta 2560 kwa 1600, na ukishusha gemu hadi 1280 kwa 800, kadi inachora robo tu ya nukta zile. Hakuna badiliko jingine linaloleta unafuu wa namna hiyo.

Gemu ikilalamika haioni faili lenye herufi VCRUNTIME au MSVCP, inataka Visual C++ ya Microsoft; CrossOver inayo kwenye orodha, iweke kwenye chupa ile ile na si nyingine. Ikikwama kwama dakika za mwanzo kila unapoingia eneo jipya, vumilia: inatafsiri vipande vya grafiksi kwa mara ya kwanza na kuvihifadhi, na mzunguko wa pili huwa laini. Filamu fupi za katikati ya gemu zikitoka mistari ya rangi badala ya picha, ni video ambazo Wine haikuweza kuzisoma. Ziruke, gemu yenyewe mara nyingi iko salama. Na kama mhusika wako hageuki bali dawati zima la Mac linahama kando, ni macOS iliyokunyang'anya Control na mshale. Zima njia hiyo ya mkato kwenye mipangilio ya kibodi.

Swali la pili la kuuliza, ambalo wauzaji hawaligusi, ni mlinzi. Gemu nyingi za kushindana mtandaoni huja na programu ya kuzuia udanganyifu, na zile kali hujichimbia kwenye kiini cha Windows. Ndani ya Wine kiini hicho hakipo, kwa hiyo mlinzi anakuta amesimama hewani na anakufungia mlango. Hakuna swichi ya kumlainisha. Valorant haiendi. PUBG ya kompyuta haiendi. Call of Duty za karibuni haziendi. Fortnite haijapata toleo jipya la Mac tangu Apple na Epic, kampuni inayoitengeneza, walipogombana Agosti 2020, na ya Windows mlinzi wake anaizuia. La kuumiza zaidi kwa mji wetu ni mpira: kuanzia FIFA 23 ya mwaka 2022, kampuni ya EA iliweka mlinzi wake kwenye kiini, na mfululizo wa FC uliochukua nafasi ya FIFA umerithi. Mtu ananunua M2 nzuri, analipia CrossOver, analipia FC, na kabla kipenga hakijapulizwa anasukumwa nje. GTA V ni nusu kwa nusu: hadithi ya mchezaji mmoja inawezekana ukimzima mlinzi, ya mtandaoni inalindwa na mlinzi aitwaye BattlEye kuanzia Septemba 2024. Hata kwenye Boot Camp, ambako walinzi wengi hukubali, wapya kama wa Battlefield 6 wanadai Secure Boot, ulinzi wa wakati wa kuwasha mashine, na hapo safari inaishia.

Mpenzi wa mpira mwenye Mac asikate tamaa kabisa. Football Manager ina toleo halisi la Mac. Zipo na nyingine ambazo watu huzihangaikia bure ilhali zinapatikana moja kwa moja: Baldur's Gate 3, Resident Evil Village, No Man's Sky, The Sims 4, Dota 2, na tangu Julai 2025 Cyberpunk 2077, ingawa hii ya mwisho inataka memori ya GB 16. Kwenye ukurasa wa gemu ndani ya Steam tafuta alama ya tofaa kabla ya kufikiria tarjumani. Ila alama hiyo nayo ina mtego wake. Gemu nyingi za kale za Mac zilikuwa za biti 32, na macOS Catalina ya 2019 ilizikata zote. Kichekesho ni kwamba toleo la Windows la gemu hizo hizo, hata la biti 32, CrossOver inaliendesha. Ya Mac imekufa kwenye Mac, ya Windows inadunda.

Njia ya kompyuta ndani ya kompyuta nitaipita haraka. Parallels Desktop inalipiwa, VMware Fusion ni ya bure kwa wote tangu Novemba 2024, na zote zinaweka Windows 11 ya ARM kwenye dirisha. Zinafikia DirectX 11, haziendi 12. Kwa programu ya hesabu za ofisi ni nzuri sana. Kwa gemu za miaka kumi iliyopita zinafaa. Ila kwenye Mac ya GB 8, Windows ikishachukua nne, gemu na macOS vinagombea makombo. Na walinzi wengi huitambua kompyuta bandia na kuikataa vile vile.

Njia ya wingu, yaani kucheza kupitia intaneti, inasifiwa sana na vijana waliotazama video za Marekani. Gemu inachezwa kwenye seva, kwako inakuja picha tu, kwa hiyo chipu si hoja tena na hata Fortnite inafunguka. Tufanye hesabu basi. Huduma ya GeForce Now inataka intaneti ya Mbps 15 kwa picha ya 720p na Mbps 25 kwa 1080p. Mbps 15 kwa saa moja ni karibu GB 6.75, Mbps 25 ni zaidi ya GB 11. Bando la GB 20 halimalizi jioni mbili. Hata mwenye faiba isiyo na kikomo ana kikwazo kingine, umbali. Huduma hiyo inataka mwendo wa kwenda na kurudi usizidi milisekunde 80, na kutoka Arusha hadi seva za Ulaya kwa kawaida hupita 100. Utabonyeza kupiga shuti, golikipa ameshadaka. Kwa gemu za zamu zamu, zisizo na haraka, inavumilika.

Kuhusu kupakua: gemu ya GB 100 kwa Mbps 10 ni zaidi ya saa 22 mfululizo, na umeme usikatike. Rafiki yako mwenye kompyuta ya Windows akiwa na gemu hiyo hiyo, usipakue. Anakili folda yake kutoka steamapps, ndani ya common, aiweke kwenye diski ya nje. Kwako, kwenye CrossOver bonyeza kufungua diski C ya chupa, ingia Program Files (x86), Steam, steamapps, common, ibandike pale bila kubadili jina hata herufi. Kisha, kwa akaunti yako uliyonunulia gemu, bonyeza kuisakinisha: Steam itakagua ilichokikuta na kushusha tu kilichopungua. Diski ya NTFS, yaani iliyofomatiwa kwa mtindo wa Windows, Mac inaisoma lakini haiandiki ndani yake, kwa hiyo kwa kazi ya kunakili inatosha.

Diski ya kuchezea moja kwa moja ni habari nyingine. Mac ya GB 256 hujaa kwa gemu mbili, na SSD ya nje ya USB 3 inafaa kabisa kubeba chupa nzima, mradi uifomati kwa APFS ya kawaida, mtindo wa Apple wenyewe. Si exFAT, kwani Wine inahitaji viungo vya mafaili na ruhusa ambazo exFAT haizijui. Wala si ile APFS inayotofautisha herufi kubwa na ndogo, Steam ya Mac inaikataa. Memori haiongezeki, imechomelewa. Fundi anayekuahidi kupandisha M1 ya GB 8 iwe 16 muulize atafanyaje.

Gemu za bure zinazozunguka kwenye flash zina hatari ambayo watu hawaitarajii kwenye Mac. Kila chupa huwa na diski Z, na hiyo diski Z ni Mac yako yote: picha, hati, nakala za pasipoti za wateja kama mashine ni ya ofisi ya utalii. Kirusi cha Windows ndani ya chupa kinaweza kuzisoma. Ukilazimika kujaribu kitu usichokiamini, futa Z kwanza kwenye mipangilio ya chupa, ingawa hilo pekee si kinga kamili.

MacBook Air za M1 na kuendelea hazina feni. Dakika za kwanza zinapaa, zikishapata moto zinajipunguza zenyewe. Funga fremu (picha kwa sekunde) kwenye 30 au 40, na usiiweke mashine juu ya mto. Na usikimbilie kusasisha macOS kila toleo likitoka: Apple ilitangaza 2025 kwamba Rosetta kamili itakwenda hadi macOS 27, baada ya hapo itabaki sehemu yake kwa ajili ya gemu fulani za zamani.

Ombi letu kwa wauzaji wa Arusha na Moshi, kupitia gazeti hili, ni dogo: andikeni kwenye tangazo chipu, memori na ukubwa wa diski. Maneno matatu. "Inapiga gemu zote" yaacheni.

Na kwa mnunuzi: anza na zile siku 14 za CrossOver kwa gemu ya bure, ndipo ununue. Steam hurudisha hela ukiomba ndani ya siku 14 tangu kununua na kama hujacheza zaidi ya saa mbili. Saa hizo zinaanza kuhesabiwa gemu inapofunguka, hata kama iko kwenye kioo cheusi au inatafsiri grafiksi nusu saa nzima. Kwa hiyo ikigoma, ifunge kwanza, ndipo ukatafute swichi ya kubadilisha.

Mafundi kompyuta,
Arusha